Mwalimu wa Uhandisi Aliyekuwa Mbunge wa Kibera



Mpenzi msomaji, tangu tarehe 15 Oktoba 2025, siku Raila Amolo Odinga alipofikwa na mauti huko Kerala, nchini India, hakuna gazeti wala redio isiyomzungumza. Tumesomewa habari za Waziri Mkuu wa zamani, za mgombea urais wa mara tano, za mfungwa wa kisiasa, za mtoto wa Jaramogi. Hayo yote ni kweli na wenyewe wanayajua kuliko mimi. Lakini uko upande mmoja wa maisha yake uliopitiwa harakaharaka, kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ulikuwa mlango tu wa kuingilia katika siasa: kwamba mtu huyu alikuwa mhandisi wa mitambo, na kwamba kazi aliyoianza alipotoka masomoni ilikuwa kufundisha wahandisi. Upande huo ndio nitakaouandika juma hili. Na kwa kuwa ninawaandikieni kutoka Kambi Muru, mtaa uliokuwa ndani ya eneo lake la ubunge kwa miaka ishirini, sitaweza kumwandika kama anavyoandikwa na mtu wa mbali. Jirani hukumbukwa pamoja na ukuta uliowatenganisha.

Wapo watakaouliza iwapo yafaa jarida la familia za Kiislamu limfanyie kumbukumbu mtu aliyekuwa Mwanglikana. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wa sallam, alisimama jeneza la Myahudi lilipopita mbele yake, na maswahaba walipostaajabu akawakumbusha kwamba ile nayo ni nafsi. Dua ina mipaka yake, na masheikh wameieleza. Kumtaja mtu kwa haki, mema yake na yale yaliyotuumiza, ni jambo jingine, nalo limo katika uadilifu tulioamrishwa. Tena liko jambo moja katika mazishi yake ambalo wengi wetu tulilitazama kwa mshangao wa kupendezwa: aliusia azikwe ndani ya saa 72. Katika nchi ambapo maiti ya mkubwa hukaa wiki mbili au tatu ikingoja kamati na michango, mwili wake uliwasili Nairobi tarehe 16, na tarehe 19 ukawa umekwisha kulazwa Bondo. Inasikitisha kwamba katika haraka ile na msongamano ule watu kadhaa walipoteza maisha.

Turudi kwa mhandisi. Raila alizaliwa Maseno tarehe 7 Januari 1945. Mwaka 1962, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alipelekwa Ujerumani ya Mashariki. Huko alianza kwa kujifunza Kijerumani mjini Leipzig, kisha mwaka 1965 akaingia chuo cha ufundi cha Magdeburg kusomea uhandisi wa mitambo. Magdeburg ni mji wa viwanda vizito, na masomo yake yalikuwa ya chuma: namna kinavyoyeyushwa, kinavyokunjwa, kinavyoungwa kwa moto. Alihitimu mwaka 1970, akarudi nyumbani, na akaajiriwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho mwaka ule ule ndipo kilipokuwa chuo kikuu kinachojitegemea baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanyika.

Tuufikirie wakati ule kidogo. Kenya ilikuwa na umri wa miaka saba tangu ipate uhuru. Wahandisi wengi waliokuwa wakisimamia reli, maji, umeme na barabara walikuwa bado Wazungu au Wahindi. Mwafrika wa miaka ishirini na mitano kusimama ubaoni na kuwafundisha vijana wenzake hesabu za mashine lilikuwa jambo zito kuliko tunavyoweza kulikadiria leo, ambapo kila kaunti inadai chuo kikuu chake. Hakufikia daraja ya uprofesa, na wala hakukaa miaka mingi. Kufikia 1974 alikuwa amekwisha ondoka. Lakini mwalimu hapimwi kwa urefu wa ajira peke yake, na waliopita mikononi mwake miaka ile ndio waliokuja kujaza ofisi za umma zilipoachwa wazi.

Akiwa bado mwalimu, mwaka 1971, alianzisha kampuni ndogo ya uhandisi ambayo baadaye ilijulikana kama East African Spectre. Kazi yake kubwa ikawa kutengeneza mitungi ya gesi ya kupikia. Hapa, akina mama, naomba tusimame kidogo, maana mtungi wa gesi tunaujua sana kwa nje na hatuujui kabisa kwa ndani.

Gesi iliyomo mtungini si hewa kama tunavyodhani. Ni kimiminika. Imebanwa kwa nguvu hata ikageuka kuwa maji, na ndiyo maana ukiutikisa mtungi unasikia mchezo ndani yake. Ukifungua, mgandamizo unapungua, ile ya juu inageuka kuwa gesi na kupanda kwenye meko. Kwa hiyo chuma cha mtungi kinashikilia msukumo mchana na usiku, hata mnapolala. Mtungi wa kawaida, wa kilo 6 au wa kilo 13, hufanywa kwa vipande viwili vya bati la chuma lililokunjwa kama mabakuli mawili, yakakutanishwa midomo na kuungwa kiunoni. Ule mshono wa kiunoni ndio roho ya mtungi. Fundi akiuchomelea vibaya, hata nafasi ya unywele ikabaki, jiko limekuwa hatari. Ndiyo sababu mtungi hujazwa maji kiwandani na kusukumwa kwa nguvu inayozidi sana ile ya matumizi, ili kama una kasoro ufichuke mbele ya fundi, wala si mbele ya mama na watoto wake. Na ndiyo sababu mtungi uliokwisha kuliwa na kutu chini, au uliojazwa vichochoroni na mtu asiye na leseni, haufai kuingizwa ndani hata kama umepunguziwa shilingi mia mbili. Vyumba vyetu vya Kibera ni vya futi kumi kwa kumi. Moto hauna mahali pa kwenda isipokuwa kwa jirani.

Kutoka hapo aliingia katika kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa bora katika maisha yake ya uhandisi, na ndiyo inayotajwa kidogo zaidi. Mwaka 1974 Bunge lilipitisha sheria ya viwango, likaundwa shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, lile tunaloliita KEBS. Raila alikuwa miongoni mwa waliolijenga tangu msingi, na mwaka 1978 akawa naibu mkurugenzi wake. Kazi yenyewe haina shangwe. Mtu huketi na kuamua bati la kuezekea liwe na unene gani, msumari uwe wa chuma cha namna gani, waya wa umeme ufungwe kwa ngozi ya upana upi, mfuko ulioandikwa kilo mbili uwe na kilo mbili kweli. Hakuna anayeimbiwa nyimbo kwa ajili ya kazi kama hiyo. Lakini mjane anayeezeka chumba cha kupangisha kwa akiba ya miaka mitano yuko mikononi mwa watu hao pasi na kujua. Dukani huambiwa bati ni geji 30, na yeye hana kipimo. Kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba, na muuzaji asiye mwaminifu huficha wembamba nyuma ya rangi nzuri. Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao katika vipimo. Hadi leo, kabla ya kununua, itazame alama ya ubora.

Kisha likaja jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Raila alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, mashtaka yakaondolewa, naye akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa kwa miaka sita. Aliachiliwa Februari 1988, akarudishwa tena mwaka huo huo, akatoka 1989, akakamatwa tena 1990, akatoka 1991. Naibu mkurugenzi wa viwango akaisha pale. Hakurudi tena katika kazi ya ofisi.

Juu ya miaka hiyo mimi humfikiria zaidi mkewe, Ida. Walioana mwaka 1973. Alikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya Kenya High, na alibaki na watoto wadogo, mshahara mmoja, na macho ya majirani yaliyogeuzwa pembeni. Mwaka 1988 naye akafutwa kazi ya ualimu. Mama mzazi wa Raila, Mary Juma, alifariki mwaka 1984, na mtoto wake kizuizini hakuambiwa mpaka ilipopita takriban miezi miwili. Wako wanawake wa Pwani na wa Eastleigh wanaoisoma habari hii bila kuhitaji maelezo. Waume na wana wao walichukuliwa usiku, miaka ya karibuni, na mpaka leo wengine hawajui kama wakae eda au waendelee kungoja. Mwanamke wa namna hiyo hana hadhi ya mjane wala ya mke. Jamii humpa pole mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu humwepuka. Ida Odinga alipita humo, na alipotokea upande wa pili alikuwa bado anasimama.

Desemba 1992 Raila alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata, na Kibera ikiwa ndani yake. Hapa ndipo hadithi inapoingia mlangoni petu.

Kwa wasomaji wa Mombasa, Lamu na Malindi wasioufahamu mtaa huu: wazee wetu wa Kinubi walikuwa askari wa Sudani waliopigana chini ya bendera ya Waingereza, na tangu mwaka 1904 walipewa kukaa kwenye msitu huu, ambao kwa lugha yao waliuita Kibra. Mwaka 1918 serikali ilitangaza rasmi ardhi hiyo kuwa ya askari, ekari 4,197. Majina ya vijiji yangali yanasema asili: Kambi Muru, Kambi Aluru, Kambi Lendu. Lakini hatimiliki hawakupewa. Tume ya ardhi ya mwaka 1934 iliwahesabu kuwa ni wakaaji kwa hisani ya serikali, na hisani hiyo iliendelea kumegwa ekari baada ya ekari, mitaa ya kifahari ikajengwa juu yake. Kilichobaki kwa familia nyingi kilikuwa kiwanja chenye safu ya vyumba vya udongo na mabati. Bibi aliyevaa gurbaba na kushona mikeka aliishi kwa kodi ya vyumba hivyo, na ndiyo iliyosomesha wajukuu.

Mwishoni mwa mwaka 2001 Rais Moi alifika Kibera na kutamka kwamba kodi zilikuwa juu mno na zipunguzwe. Mbunge wetu, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Kawi, aliunga mkono. Wapangaji wengi, na wengi wao wakiwa wafuasi wake, wakaacha kulipa. Wenye nyumba, na wengi wao wakiwa Wanubi, wakataka kuwatoa. Kufikia Desemba mapanga yalikuwa nje. Watu waliuawa, nyumba zilichomwa, wanawake walidhalilishwa, na maelfu walihama. Wapangaji walikuwa na malalamiko ya haki: walilipa pesa nyingi kwa chumba kisicho na maji wala choo. Wenye nyumba nao walikuwa na haki yao: hawakuwa matajiri, na serikali iliyowanyima hatimiliki ndiyo iliyowazuia kujenga vizuri. Ninalolishangaa mpaka leo ni kwamba mtu aliyesomea uhandisi ndiye aliyesahau kuuliza swali la kwanza la mhandisi. Ukiondoa nguzo, mzigo utaenda wapi? Kodi ilipunguzwa kwa maneno ya jukwaani, na mzigo wote ukaangukia shingo za watu maskini wawili, mpangaji na mwenye nyumba, waliokuwa wakichota maji kwenye bomba moja.

Februari 2004, akiwa Waziri wa Barabara na Ujenzi, matingatinga ya wizara yake yaliingia Kibera kusafisha njia ya barabara ya kando. Kijiji walichokibomoa kiliitwa Raila. Wakazi walikuwa wamekipa jina lake kwa mapenzi. Kelele zikapigwa, ubomoaji ukasimamishwa, na jina likabaki. Sijui kama kuna mwanasiasa mwingine Kenya aliyebomoa kijiji chenye jina lake na wakaaji wakaendelea kumpigia kura. Hilo linaonyesha kina cha mapenzi aliyopendwa, na mapenzi hayo hatuwezi kuyakanusha kwa sababu tu hayakuwa yetu sote. Walimwita Baba. Walimwita pia Tinga, kwa ajili ya trekta iliyokuwa alama ya chama chake mwaka 1997; jina linalomfaa fundi wa mitambo, ingawa waliolitumia hawakuwa wakiwaza mitambo.

Mwaka ule wa 2004 ndipo mpango wa kuboresha makazi ulipozinduliwa, na Septemba 2009, akiwa Waziri Mkuu, familia za kwanza za Soweto Mashariki zilihamishiwa kwenye majumba 17 ya ghorofa tano, nyumba 600 kwa jumla, ng'ambo ya Lang'ata. Zilikuwa na maji, choo cha ndani na umeme. Zilikuwa pia chache mno, na familia mbili tatu zilipangwa kuchangia nyumba moja, kila moja na chumba chake, jiko likiwa la wote. Kinamama wanajua jiko la wote maana yake nini. Hata hivyo zilijengwa, zimesimama, na mtoto aliyehamia pale akiwa na miaka mitano leo ni mtu mzima asiyekumbuka choo cha kurusha.

Kwa upande wa Waislamu wa nchi nzima, mkataba wake na viongozi wa Kiislamu wa Agosti 2007 ulizua zogo kubwa, na Pwani ilimpigia kura kwa wingi mara baada ya mara. Mengi yaliyoahidiwa katika miaka ile yangali yakingojwa. Hatimiliki ya Wanubi ilikuja Juni 2017 kwa mkono wa Rais Uhuru Kenyatta: ekari 288. Chukua kikokotoo ugawanye na zile 4,197. Ni chini ya asilimia saba. Na mwaka mmoja baadaye, Julai 2018, barabara mpya ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipita katikati ya mtaa, ikaondoa watu wapatao 30,000, wakiwemo wa hapa Kambi Muru. Barabara ni nzuri. Asubuhi huvuka upesi kwenda kazini waliobahatika kubaki na mahali pa kutokea.

Nimeeleza habari za mhandisi mmoja aliyejulikana na dunia nzima. Sisi nasi tunao wetu, wala hatuwaandiki. Mwaka 1948 iliundwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kwa michango mikubwa iliyotoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na wengineo, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki yote wapate elimu ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza waliingia Tudor mwaka 1951. Taasisi hiyo ikawa Chuo cha Ufundi mwaka 1966, Polytechnic mwaka 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho kimewahi kuongozwa na mwanamke wa Kiislamu, Profesa Laila Abubakar. Waliosoma pale walienda bandarini, kwenye reli, kwenye meli, kwenye mitambo ya maji na umeme kutoka Mombasa hadi Kampala. Wengine wakawa walimu wa ufundi. Wanapofariki tunasoma khitma, tunagawa kahawa na tende, tunamsifu marehemu kwa swala na ukarimu wake, kisha daftari zake za michoro zinauzwa kwa muuza karanga.

Basi katika khitma ijayo ya mzee wa namna hiyo, kabla vitu havijagawanywa, mmoja wa mabinti wa nyumba ile achukue sanduku la karatasi na kuliweka kando. Na kwa walio hai, wapelekeni wajukuu na kalamu. Muulizeni babu alifundishwa na nani, kwa mashine gani, alilipwa kiasi gani mwezi wa kwanza, na mtambo wa kwanza alioufungua peke yake ulikuwa wa nini.